Sketi ya Maruni Niliyoikata Mapema

Mpendwa baba,

Leo nimefunika cherehani saa nane mchana. Najua umekunja uso huko uliko, kwa sababu fundi wa sare hafuniki cherehani mwezi wa Januari hata akiwa na homa. Lakini asubuhi nimemsindikiza mjukuu wako Mghoi hadi steji, amepanda gari la Taveta kwenda kuanza Gredi ya Kumi, na niliporudi hapa verandani nikashona kola ya shati, nikaiweka ndani nje. Mimi! Nikaifumua, nikaishona tena, ikatoka vile vile. Nikaona basi, kuna mtu natakiwa kuzungumza naye kwanza ndipo mikono itulie. Nimekata kipande cha karatasi ya kaki, ile ile tunayochorea mikato, na ninakuandikia hapa hapa, mapajani.

Veranda yako iko pale pale. Mwenye duka amepaka ukuta rangi mara mbili tangu uondoke, na sasa anauza simu badala ya unga, lakini nafasi yako kati ya nguzo ya pili na mlango hakuna aliyethubutu kuigusa. Nimeongeza mashine ya ovaloki ya kuziba kingo za vitambaa na cherehani moja ya umeme. Hii yako nyeusi ya kukanyaga bado ndiyo mkubwa wa nyumba. Bado nakaa mgongo ukutani na uso barabarani kama ulivyonifundisha, na bado siwezi kumwona mtoto akipita bila kujua kiuno chake. Watu wengine wanaona sura, mimi naona inchi ishirini na nne. Ugonjwa huo umeniambukiza wewe, na sijatafuta dawa.

Unakumbuka Jumamosi ya kupimwa? Kila mwaka baada ya Krismasi ulitupanga uani kwetu Kaloleni, hapa Voi, sisi watoto watano, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Mama alikaa kwenye kigoda na daftari, wewe tepu shingoni. Kaka alizoea kusimama kwa vidole vya miguu ili aonekane mrefu, nawe unamgonga kisigino kwa rula bila hata kumwangalia. Kisha unapima, na unachotamka sicho tepu inachosema. Tepu inasema ishirini na mbili, wewe unamwambia mama aandike ishirini na tano. Mwaka mmoja nililalamika. Sketi yangu ilifika karibu na vifundo vya miguu na wasichana shuleni walikuwa wananiita mke wa mchungaji. Ulinijibu pini zikiwa mdomoni, "Simpimi huyu aliyesimama hapa. Nampima yule wa Disemba."

Na kweli, Januari nilikuwa kichekesho, lakini ilipofika Disemba sketi yangu ilikuwa imenikaa sawasawa, na wenzangu magoti yote yako nje.

Nimelea watoto wanne kwa sentensi hiyo moja, baba, na sijutii. Mwakio, kifungua mimba wangu, hakuweza kukaa kwenye kiti hadi darasa la tano. Niliitwa shuleni mara nyingi hata bawabu akawa ananisalimia kwa jina. Kila mara nilimwambia mwalimu, "Mvumilie, mimi nasubiri yule wa Disemba." Leo Mwakio anasomea ualimu Mombasa, na alipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha alinipigia simu analalamika kwamba watoto wa siku hizi hawatulii. Nilicheka mpaka mteja akadhani nimechomwa na sindano. Wakesho anayemfuata ni mtu wa vitabu. Huyo ukimfungia maandazi kwenye gazeti, atasoma gazeti kwanza. Yuko Kidato cha Tatu kule juu Wundanyi, shule ile ile niliyosoma mimi.

Kitinda mimba ni Nyambu, wajina wako, Gredi ya Nne. Kwa sababu amebeba jina lako namwita baba, na hapo ndipo kazi ilipo. Nitamgombezaje? "Baba, hebu nenda kaoshe miguu." "Baba, nani amekula sukari?" Wateja wananitazama, mimi najifanya sijaona. Halafu masomo yao haya mapya hayana utani. Wiki hii mwalimu anataka mkeka wa karatasi, wiki ijayo mboga zilizopandwa kwenye gunia, ile nyingine sanamu ya kutisha ndege. Wazazi wengine wanalia hadi kwenye mikutano. Mimi nina mabaki ya vitambaa vya karibu kila shule ya Voi, kazi gani ya mikono itanishinda? Sanamu ya Nyambu ilivaa shati la shule moja, kaptula ya shule nyingine na tai ya shule ya tatu. Mwalimu akasema imehama shule mara nyingi kuliko mtoto wa polisi.

Sasa mimi huyu ninayejisifu ndiye niliyekosea kwa Mghoi, na kosa lenyewe ni la kifundi, ndiyo maana linaniuma.

Mghoi ni wa tatu. Huyo unamjua vizuri, tena lawama nyingine ni zako. Alipokuwa hajaanza hata shule alikuwa anakaa chini ya cherehani yako anaangalia kamba ya gurudumu ikizunguka, nawe badala ya kumfukuza ukampa kopo la mafuta lenye mdomo mrefu na kumwonyesha matundu ya kutilia. "Tone moja tu, mama. Ikizidi itachafua kitambaa." Hajaliachia kopo hilo tangu siku hiyo. Mwaka jana tu ovaloki ilizimika sare zikiwa zimejaa hadi kwenye dari, na fundi wa mashine akasema ipelekwe Mombasa. Mghoi akaifungua mezani kwa bisibisi na kisu cha jikoni, akakuta uzi umejiviringa ndani ya mota na kipande kimoja kimeisha. Akaenda kutafuta kipande kama hicho kwa mafundi wa redio, akakifunga, mashine ikalia. Nilimnunulia soda, nikaendelea kushona. Sikujiuliza chochote, baba. Nilikuwa nimeshaamua njia yake.

Fundi yeyote wa sare hapa mjini anajua sheria moja: usikate kitambaa cha mtoto anayeingia sekondari kabla hujajua ameitwa shule gani. Mimi nilikata mwezi wa Novemba. Nilikata maruni, ya Wundanyi, kitambaa kizito ambacho hakipauki, marinda yamelala kama yamechorwa, pindo la inchi tatu. Mimi nilivaa maruni, Wakesho anavaa maruni, Mghoi alama anazo, ataitwa wapi kwingine? Niliitundika kwenye msumari juu ya cherehani na kila mteja aliyeuliza ni ya nani nilimjibu kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa barabara.

Ujumbe wa simu wa shule aliyoitwa uliingia nikiwa nimepiga magoti napima suruali ya mtoto wa watu. Mama yake akanisomea. Shule ya kule Taveta, upande wa Bomeni, wavulana na wasichana pamoja, masomo ya ufundi. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena.

"Kompyuta imechanganya watoto," nikasema, nikasimama natafuta viatu. Kulikuwa na siku chache za mzazi kuomba mtoto abadilishiwe shule, na mimi nilikuwa tayari kwenda hapo hapo na tepu shingoni.

Mghoi alikuwa anafuta vumbi kwenye cherehani yako. Hakuinua hata kichwa. "Mama, hakuna makosa. Ni mimi nilichagua hiyo."

"Ulichagua lini? Na nani?"

"Si ile fomu nilileta hapa? Ulisaini."

"Mimi?"

"Ulikuwa unapima watoto wa chekechea majoho ya graduation. Nikakuuliza kama ni sawa, ukasema mmh."

"Nilikuwa na pini mdomoni, Mghoi!"

"Najua. Lakini si ulisema mmh."

Na ni kweli, baba. Nilikumbuka. Nilitia saini karatasi ile nikiwa nimeiegemeza kwenye mgongo wa mtoto wa mteja, bila kusoma hata mstari mmoja, mimi ninayewaambia wenzangu kwenye mikutano ya wazazi wasome kila karatasi. Wewe ungecheka. Mimi sikucheka. Nilisema mengi siku ile. Nilisema Taveta ni joto, nilisema ni mbali, nilisema msichana gani anakwenda kugonga vyuma kati ya wavulana wakati dada yake yuko pazuri na godoro la kupokezana lipo. Nilimpigia baba yao, ambaye ni askari wa mbugani na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, nikitarajia aniunge mkono. Akasema, "Mambo ya sare mimi siyajui. Amua wewe." Mwanamume anaweza kukutana na simba akatulia, lakini umwulize habari ya shule anakata simu.

Hapa ndipo nafika kwako.

Wewe pia uliikata mapema. Barua yangu ya kuitwa sekondari ilikuwa haijafika, lakini sketi ya maruni ilikuwa tayari kwenye msumari huo huo. Ulikuwa umeshonea shule ile miaka mingi na uliniambia hiyo ni rangi ya watu wanaofika mbali. Kuna kitu sikukuambia. Mimi nilitaka shule ya kutwa hapa Voi, ili saa kumi nikitoka darasani nije nikae kwenye cherehani ya pili, ile iliyokuwa na gurudumu la mbao. Nilitaka kushona. Nilikuwa nalala nikiwaza jinsi kola inavyogeuzwa. Ukanisimamisha kwenye stuli, ukazunguka mara mbili, ukauliza, "Umeipenda?" Nikanyoosha mgongo, nikaangalia barabara, nikasema, "Imekaa vizuri."

Uliniuliza moyo wangu, nami nikakujibu habari ya kitambaa. Hukugundua, kwa sababu ulikuwa umefurahi sana.

Sitadanganya kwamba niliteseka. Baridi ya kule juu ilinifunza kuamka, walimu walinifunza kusimama mbele ya watu nikasema bila kutetemeka, na marafiki niliowapata huko ndio wateja wangu wakubwa leo. Lakini nilipomaliza Kidato cha Nne niliteremka na sanduku langu, na Jumatatu yake nikaja verandani nikakaa kwenye cherehani ya pili. Ulisubiri niseme habari ya chuo. Ulisubiri wiki nzima. Kisha siku moja, ukiwa unakata kitambaa, ukauliza polepole, "Kwa hivyo yote yale ni ili uje ukae hapa?"

Ungeuliza kwa hasira ningejitetea. Uliuliza kama mtu aliyepoteza kitu na hajui amekiangusha wapi. Mimi nikainama, nikajifanya natia uzi kwenye sindano. Hukuuliza tena, na mimi sikujibu. Tulifanya kazi bega kwa bega miaka yote ile, ukanifundisha kila ulichokijua, tukataniana na kugombania makasi, lakini swali lile lilikaa katikati yetu kama mteja ambaye hataki kuondoka. Tulipokuzika bado lilikuwa limekaa.

Zilipobaki siku mbili za kuomba kubadilishiwa, nilibuni ujanja. Nilijua Mghoi akijiona tu ndani ya maruni moyo wake utalainika. Ilikuwa mchana, veranda imetulia. Nikamwambia ajaribu sketi, ajaribu tu. Hakubisha. Aliivaa, akapanda kwenye stuli. Baba, sijisifu bure, ile ndiyo sketi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Marinda yalianguka sawa pande zote. Nikamzunguka mara mbili, nikauliza, "Umeipenda?"

Akanyoosha mgongo. Akaangalia barabara. "Imekaa vizuri," akasema.

Chaki ilinitoka mkononi. Jibu lile nalijua kwa sababu ni langu. Nilimwangalia mtoto yule pale juu, mikono ubavuni, anasubiri nimalize furaha yangu ili ashuke, na nikajua kabisa mahali tulipo na mahali tunapokwenda. Nikaona miaka mitatu Wundanyi, kisha yeye kurudi na sanduku, kisha mimi kumwuliza swali, kisha yeye kujifanya anafunga skrubu.

"Sikuulizi habari ya sketi," nikamwambia. "Nakuuliza wewe."

Akalishika rinda moja la sketi. "Ni poa, mama, kweli ni poa. Lakini nikiivaa, nitakuwa nakuvalia wewe."

Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Kwa muda kama wa kushona mfuko mmoja nilikuwa na hasira ya kutosha kuichana. Halafu nikaanza kuona fahari, baba, na fahari ile ilikuwa kubwa kuliko hasira. Kitu ambacho mimi sikuweza kukuambia miaka yote, mwanangu amekisema juu ya stuli, mchana kweupe, bila kunivunjia heshima. Sijui nimemfundisha lini, lakini nimemfundisha. Nilimwambia, "Shuka, vua." Ombi la kubadilisha sikulipeleka. Sketi ile aliondoka nayo binti wa mama mmoja wa Mwatate aliyeitwa Wundanyi na alikuwa hana sare hadi siku ya mwisho. Yeye aliipenda. Nilimwuliza mara mbili.

Orodha ya mahitaji ya Taveta ilipokuja niliisoma yote, mstari kwa mstari, mdomo ukiwa hauna pini. Mwisho kabisa iliandikwa ovaroli moja ya bluu ya karakana. Nimeshona kila kitu, lakini ovaroli ya msichana sijawahi. Madukani nilipata za wanaume wenye matumbo. Ndipo nikakumbuka bati lako la biskuti na mikato uliyoiviringisha na kuifunga kwa ukanda wa kitambaa. Tangu tukuzike nilikuwa sijalifungua. Chini kabisa nikaikuta mikato ya ovaroli ulizokuwa ukiwashonea watu wa reli, karatasi ya mfuko wa sukari imegeuka rangi ya chai, na mwandiko wako wa penseli: kifua, mkono, mfuko wa spana. Na pembeni mwa kipande cha mgongo, umeandika kwa herufi ndogo, "Acha nafasi ya kuinama."

Hapo nililia. Nimesema. Kisha nikafuta macho kwa kitambaa cha mteja, nikakata.

Mabega nilipunguza, kiuno nikapandisha, mfuko wa spana nikauacha ulipokuwa. Nafasi ya kuinama niliiacha yote. Mghoi alipoivaa hakupanda hata kwenye stuli. Alichuchumaa, akainama, akanyoosha mikono juu kama mtu anayefungua bomba la dari, akajikuna mgongoni. Nilikuwa nimejizuia kuuliza.

"Hapa kwapani panabana, mama," akasema.

Sijawahi kufurahia lalamiko la mteja kama nilivyofurahia lile. Nikafumua, nikaongeza, akavaa tena. Sasa akatabasamu meno yote nje. "Nimeipenda. Na usikate pindo, bado nakua."

Leo asubuhi sanduku lake lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. Nikalifungua kuangalia, nikakuta kopo lako la mafuta limefungwa ndani ya ovaroli. Alikuwa amelichukua bila kuniomba. Nimelifunga tena vizuri zaidi ili lisimwagike, nikafunga sanduku. Pale steji Nyambu alimshika dada yake mkono akamwambia, "Ukiona mota iliyokufa niletee." Dereva akapiga honi. Mghoi hakulia, alikuwa ameshageuka anaangalia mbele.

Sasa swali lako, baba. Limesubiri sana.

Ndiyo. Yote yale ni ili nije nikae hapa. Sikushindwa huko juu, wala hukutupa kitambaa chako. Hapa ndipo nilipotaka kuwa tangu siku uliponisimamisha kwenye stuli, karibu nawe, sindano mkononi. Ningesema siku ile ungenivua sketi kabla ya chai ya saa nne, sasa najua, kwa sababu mimi ni fundi uliyemfunza wewe na ndivyo nilivyofanya. Nisamehe kwa kukuacha miaka yote ukidhani nimerudi kwa kukosa pa kwenda.

Nafunua cherehani, kuna mama anakuja na mapacha na kola ile bado inaningoja. Tulia huko, kazi iko mikononi.

Ni mimi, binti yako wa cherehani ya pili.